Mpasue samaki uone anavyoishi majini

Mchoro wa kitabuni hautoshi. Tafuta samaki mbichi mwenye magamba, asiyeparwa wala kutolewa matumbo, pamoja na sinia, mkasi wenye ncha, lenzi ya mkono na bakuli la maji safi. Aliyegandishwa hafai sana, kwa sababu matamvua yake, yaani viungo vyake vya kupumulia, hulegea.

Hatua ya 1: Mpapase
Telezesha kidole kutoka kichwani hadi mkiani, kisha urudi. Kwenda ni laini, kurudi kunakwaruza: magamba yamelaliana kama vigae vya paa, ncha zikielekea mkiani. Ute unaokunata vidoleni hupunguza msuguano na kuzuia vijidudu.

Hatua ya 2: Kagua ubavu
Kwa lenzi, tafuta mstari wa vitobo vidogo. Ndani yake mna chembe hai zinazohisi mtikisiko wa maji, hata gizani.

Hatua ya 3: Toa matamvua
Hapa usiharakishe. Kata kifuniko cha shavu. Utaona matao mekundu, kwa kawaida manne kila upande. Chomoa moja ulitumbukize bakulini: nyuzi zake zitatawanyika. Linyanyue, nazo zitagandamana. Ndiyo maana samaki wengi hufa nchi kavu ilhali hewa imewazunguka tele.

Lita moja ya maji yasiyo na chumvi, yenye joto la nyuzi 20, hubeba miligramu 9 hivi za oksijeni. Lita ya hewa ina zaidi ya 250. Kwa uhaba huo, damu ndani ya nyuzi za matamvua hupita kinyume na mwendo wa maji. Damu inayokaribia kutoka, iliyokwisha kupata oksijeni, hukutana na maji mapya yenye nyingi zaidi. Inayoingia hukutana na maji yaliyokwisha kunyonywa, na bado huambulia kitu. Damu na maji vingefuatana upande mmoja, oksijeni ingelingana njiani na damu isingepata zaidi.

Hatua ya 4: Fungua tumbo
Anzia tundu la haja kwenda kichwani, ncha ya mkasi ikitazama nje usije ukatoboa utumbo. Sogeza matumbo kando. Chini ya uti wa mgongo kuna kifuko chembamba kinachong'aa, yaani kibofu cha hewa. Kwa kuongeza au kupunguza gesi humo, samaki hutulia kwenye kina akitakacho. Usipokiona, tazama umepasua samaki gani: papa, kwa mfano, hana kabisa. Yeye hupunguziwa uzito na ini kubwa lenye mafuta, na bado akiacha kuogelea huzama.