Matairi ya Tela la Safari Ukilileta Dar: Soma Ubavu Kabla ya Kulipa

Baadhi yenu mlioko Marekani na Uingereza mna matela ya kulala, yale yenye kitanda, jiko na choo ndani, na wakati wa kurudi nyumbani mnaona heri kulipakia melini kuliko kuliuza kwa bei ya kutupa. Naunga mkono. Likifika Dar linaweza kukaa Kigamboni likawa chumba cha wageni, na Desemba likavutwa mpaka Moshi. Linaloniumiza kichwa ni matairi. Mwenye tela bado yuko nje. Anamrushia mdogo wake hela kwa simu, mdogo wake anaingia Gerezani, Kariakoo, na jioni anarudi na matairi manne meusi yanayong'aa. Picha zinatumwa kwenye familia, kila mtu anapongeza. Kumbe matairi yale hayakutengenezwa kubeba hata robo tatu ya mzigo wa tela lile, na hakuna aliyejua kwa sababu hakuna aliyesoma maandishi ya ubavuni.

Tairi la tela halifi kama la gari dogo. La gari dogo linakwisha kwa kutembea: mifereji inaisha, linabaki kipara, trafiki anakusimamisha. Tela hutembea mara chache kwa mwaka, muda mwingine wote limesimama. Uzito wake unakandamiza sehemu ileile ya tairi, jua linakausha mpira, ndani plai, yaani matabaka ya nyuzi yanayoipa tairi nguvu, zinaanza kuachana polepole. Kwa nje mifereji bado mirefu kama siku lilipotoka dukani. Siku unapolivuta kwa saa tano mfululizo kwenye joto la Same, ndipo linapopasuka. Kwa hiyo ile tabia yetu ya kuingiza kidole kwenye mifereji na kusema "hili bado jipya" haikusaidii chochote hapa. Angalia umri.

Umri umeandikwa ubavuni, mwishoni mwa mfululizo wa herufi unaoanza na DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 2719 maana yake wiki ya 27 ya mwaka 2019. Tahadhari moja: tarakimu hizo mara nyingi huwa upande mmoja tu wa tairi. Fundi akishalifunga na upande huo ukaangalia ndani, utalala chini ya tela na tochi kuitafuta. Basi isomwe dukani, tairi likiwa bado halijavishwa rimu. Uingereza wenye karavani hushauriwa kubadilisha matairi yakifika miaka 5 na yasivuke 7 kwa hali yoyote. Kwa jua la Dar na chumvi ya baharini, mimi ningeichukua hiyo 5 kuwa ndiyo mwisho. Na umri unahesabiwa tangu lilipotengenezwa kiwandani. Tairi lililokaa stoo miaka mitatu limeshakula miaka yako mitatu hata kama bado lina karatasi yake.

Mzigo kwanza, saizi baadaye

Hapa ndipo pesa na maisha vinapopotea, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Chukua tairi la kawaida kwenye matela ya Kimarekani: ST225/75R15. Herufi ST zinakwambia ni tairi la tela, si la gari linaloendeshwa. 225 ni upana kwa milimita, 75 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, 15 ni rimu. Lakini matairi mawili yenye maandishi hayohayo yanaweza kutofautiana sana kwa nguvu, na tofauti hiyo iko kwenye herufi ya daraja la mzigo. C ni plai 6 na upepo wa juu kabisa ni 50 kwa kipimo cha psi. D ni plai 8, upepo 65. E ni plai 10, upepo 80. Kwa saizi hii, la D hubeba kilo 1,152 kwa upepo wa 65, na la E hubeba kilo 1,284 kwa upepo wa 80. La C linaishia kilo 975. Kama tela lilikuja na D na ukavalisha C kwa kuwa ndilo lililopatikana, umepunguza zaidi ya kilo 170 kwa kila tairi.

Usichanganye herufi hiyo na C nyingine inayokaa mwishoni mwa saizi, kama 185R14C au 195R15C. Hiyo ni ya mtindo wa Ulaya na ina maana ya tairi la gari la biashara, kama vipanya na Hiace zetu. Mara nyingi lina plai 8. Herufi ni moja, maana ni mbili, na wauzaji wengi hawatakufafanulia.

Namba isiyodanganya ni namba ya mzigo, ile ya tarakimu mbili au tatu inayokaa baada ya saizi. Ni kama lugha moja inayoeleweka dunia nzima: 91 ni kilo 615, 100 ni kilo 800, 104 ni kilo 900, 107 ni kilo 975, 113 ni kilo 1,150, 117 ni kilo 1,285. Ukiona mbili zimetenganishwa na mkwaju, kama 102/100, ya kwanza ni ya tairi likiwa peke yake kila upande, na hiyo ndiyo yako.

Sasa hesabu. Tuseme tela lako la ekseli mbili lina uzito wa kilo 3,200 likiwa limejaa. Gawanya kwa matairi manne unapata 800. Mtu wa haraka atasema 100 inatosha. Haitoshi, kwa sababu tela haligawi mzigo sawasawa: jiko, friji na tangi la maji vinaweza kuwa upande mmoja, na ukipanda tuta la barabarani ekseli ya mbele inabebeshwa kuliko ya nyuma. Ongeza asilimia 20, unafika 960, kwa hiyo namba ya mzigo isipungue 107. Kama kiwanda kiliweka kubwa kuliko hiyo, shika ya kiwanda. Usishuke chini yake hata kama hesabu yako inaruhusu.

Linganisha na tairi la Noah, 195/65R15, ambalo limejaa kila duka Dar. Namba yake ni 91. Manne yanabeba kilo 2,460, wakati tela ni 3,200. Lakini rimu ni 15 ileile, na muuzaji atakwambia kwa nia njema kabisa, "Inaingia, bosi, wala usiwe na shaka." Kweli inaingia. Baya zaidi, matela mengi ya Kimarekani yana nati tano kwenye duara la kipenyo cha milimita 114.3, sawa na Noah, kwa hiyo fundi anaweza kushawishika kufunga gurudumu zima la Noah. Akatae. Uwezo ni mdogo, na rimu za magari madogo hukaa ndani zaidi, tairi linaweza kugusa springi au chesisi.

Uzito halisi upime huko uliko kabla tela halijaingia bandarini. Marekani vituo vingi vya malori vina mizani ya CAT Scale, na Uingereza kuna mizani za umma za kulipia. Pima likiwa na kila kitu utakachosafiri nacho, na kumbuka lita 150 za maji ni kilo 150. Kisha piga picha kibandiko cha kiwanda. Kwenye matela ya Kimarekani kiko nje, ubavu wa kushoto, nusu ya mbele, kikionyesha uzito wa juu unaoruhusiwa, saizi ya tairi, rimu na upepo. Picha hiyo itumie kila mtu atakayehusika na tela. Ukiwa na vipimo vya paundi, gawanya kwa 2.2 upate kilo.

Kununua huko au kununua Dar

Kama ni tela la Kimarekani lenye matairi ya ST, ushauri wangu ni kununua huko, wiki za mwisho kabla ya kusafirisha, na kuweka la spea pamoja na moja la ziada ndani ya tela. Matairi ya ST si bidhaa utakayoikuta kirahisi kwenye maduka ya Gerezani au kando ya Barabara ya Nyerere, kwa sababu maduka yale yanahudumia daladala, pick-up na magari madogo. Usinunue mapema mno ukayaweka gereji mwaka mzima ukisubiri meli.

Karavani ya Kiingereza ina bahati zaidi. Nyingi hutumia saizi za mtindo wa C, na matairi ya C ni chakula cha kila siku cha Hiace hapa mjini.

Kama tela tayari liko Dar na ST halipatikani, nenda kwenye LT (matairi ya pick-up na malori madogo) au C, siyo ya gari dogo. Lakini pima mambo mawili. La kwanza ni namba ya mzigo, kama tulivyoona. La pili ni kimo. ST225/75R15 lina kipenyo cha karibu milimita 718, na 195 la Hiace la rimu 15 lina karibu 693. Tofauti hiyo ya milimita 25 haina shida ikiwa matairi yote yamebadilishwa. Ukichanganya marefu na mafupi, marefu ndiyo yatakayobeba zaidi. Ukipata refu kuliko la awali, hakikisha lina nafasi chini ya bodi pale springi zinapojikunja. Matela yenye nati sita kwenye duara la milimita 139.7 yanalingana na Hiace, Hilux na Prado, kwa hiyo hata rimu unaweza kuzipata, ila nati zisichanganywe: nyingi za Kimarekani ni za nusu inchi, za Toyota ni milimita 12, na meno yake hayafanani. Ukilazimisha unaharibu boliti.

Mitumba sishauri kwa tela hata kidogo. Kwa gari dogo unaweza kubishana nami, kwa tela hapana. Tairi lililochongwa upya mifereji kwa kisu liache palepale.

Kwa aliye mbali, hela isitangulie namba. Ujumbe kwa mdogo wako uwe hivi:

"Nunua tairi 5 zinazofanana, moja ni spea. Namba ya mzigo isipungue 107. Tarehe ya kutengenezwa isizidi mwaka mmoja nyuma. Kabla hujalipa nitumie picha tatu za kila tairi: saizi na namba ya mzigo, tarakimu nne za mwisho za DOT, na maandishi madogo ya mzigo wa juu na upepo. Risiti iandikwe saizi na plai."

Badilisha hiyo 107 kulingana na hesabu yako. Picha za tairi zima kutoka mbali usizipokee, hazikwambii kitu. Muuzaji akikasirika kwa kuulizwa tarehe, jibu umeshalipata, maduka yako mengi.

Upepo na kufunga

Fundi pancha wengi wamezoea upepo wa 30 hadi 35. Tairi la D likipewa 35 badala ya 65 linajikunja ubavuni kila mzunguko, linachemka, linapasuka, halafu lawama inakwenda kwa kiwanda. Andika upepo unaotakiwa kwa rangi juu ya kila madigadi, kwa tarakimu kubwa. Pima asubuhi kabla jua halijawaka, kwa geji yako mwenyewe. Njiani upepo ukipanda kwa sababu ya joto usiupunguze.

Valvu nazo zibadilishwe pamoja na matairi. Zile za mpira za kawaida mwisho wake ni upepo wa 65, kwa hiyo tairi la E linahitaji valvu ya upepo mkubwa, kama ya chuma. Ni kitu kidogo cha bei ndogo, na ndicho kinachosahaulika zaidi.

Tela la ekseli mbili likikata kona kali, kama kuingia kwenye geti la uchochoro wa Sinza, matairi yanaburuzwa kwa ubavu. Kata kona pana, nenda taratibu, na ikibidi rudi nyuma uanze upya. Likipasuka moja barabarani, jirani yake wa upande huohuo amebeba mzigo wa wawili, hata kama linaonekana zima. Likaguliwe, na mimi ningelibadilisha. Tela la Kimarekani mlango wake uko kulia, ambako kwetu ndiko yanakopita magari, kwa hiyo ukiegesha kushughulikia tairi teremsha watu na vitu kwa uangalifu na uweke pembetatu mbali.

Mwendo usizidi 80. Ndicho kikomo cha magari yanayozidi kilo 3,500 hapa nchini, na matairi mengi ya ST ya zamani yalitengenezwa kwa mwendo usiozidi kilometa 105 kwa saa.

Likishafungwa matairi mapya, nati hulegea kidogo safari ya kwanza. Ukitoka Dar kwa Barabara ya Morogoro, simama Kibaha uzikaze, kisha Chalinze tena, kwa kuvukisha msalaba na siyo kuzunguka. Hapohapo pitisha kiganja karibu na kila kitovu cha gurudumu bila kugusa. Kimoja kikiwa cha moto kuliko vingine, tatizo ni beringi au breki, na lishughulikiwe pale Chalinze kabla ya kuanza safari ya Segera.