Manyuali au oto? Angalia barabara yako kwanza kabla hujalipa

Kila mtu akitaka kununua gari anauliza hili swali, achukue manyuali, ya klachi na gia za kuingiza kwa mkono, ama oto inayobadilisha gia yenyewe, na majibu anayopata mengi ni ushabiki tu, huyu anamwambia dereva wa ukweli ni wa manyuali, yule anamwambia nani bado anakanyaga klachi siku hizi. Hayo yaache. Gari inachaguliwa kwa mambo matatu: itapita wapi kila siku, nani atashika usukani, na giaboksi ikileta shida ni fundi gani karibu na wewe anaweza kuifungua. Hayo ukiyajibu kwa ukweli utajua uelekee wapi, inabaki kupima hiyo gari yenyewe pale bondi, yadi wanakouzia magari yaliyotoka nje, kabla pesa haijatoka mkononi, na hapo ndo watu wengi wanaumia sababu wanaangalia rangi na viti na redio, giaboksi hata hawaigusi.

Tuanze na barabara. Kama unakaa Kampala na safari yako ni Kireka mpaka mjini asubuhi na kurudi jioni, chukua oto, usijitese. Jamu ya Nakawa, ya Kibuye, ya Clock Tower unaijua, unasogea mita tano unasimama, unasogea tena, na kwa manyuali kila kusogea ni klachi na gia ya kwanza, mguu wa kushoto unachoka na klachi pleti inakwisha haraka kuliko ya mtu wa safari ndefu. Halafu Kampala ni mji wa vilima, jamu inakukamata katikati ya mlima na boda amekubana nyuma kabisa, basi madereva wengi badala ya kuvuta hendibreki wanaishikilia gari kwa klachi nusu nusu, ile harufu ya kuungua unayosikia hapo ni pleti inaliwa. Oto hapo unakanyaga breki tu unangoja.

Lakini mtu wa huku West Nile, wa Yumbe, Koboko ama Adjumani, hesabu yake ni nyingine. Mvua ikinyesha ile barabara ya maramu inakuwa utelezi na mashimo yanajaa maji, gari ikikwama kwenye tope manyuali unaiweka gia ya pili, unaachia klachi taratibu, tairi inazunguka polepole na inashika, ukitaka unaisukasuka mbele na nyuma mpaka itoke. Oto ya kawaida ambayo injini inasukuma magurudumu mawili tu ukiikanyagia mafuta kwenye tope muda mrefu, oili ya giaboksi inapata moto sana na moto ndio adui wa kwanza wa oto. Betri ikikufia njiani, manyuali vijana watatu wanaisukuma, unaweka gia ya pili, unaachia klachi, inawaka. Oto haiwaki kwa kusukuma, lazima utafute gari nyingine na waya za kujampi, na usiku katikati ya safari hiyo gari nyingine inaweza kuchelewa sana kupita.

Na fundi je? Hili ndo ningetaka ulifikirie zaidi ya yote. Giaboksi ya manyuali fundi wa mji mdogo anaishusha chini ya mwembe, anabadilisha klachi pleti na beringi na jioni unaendesha. Oto ikikataa, mafundi wengi hata Kampala kwenyewe hawaitengenezi, wanakwambia nenda Kisekka, kwenye soko la spea, ununue giaboksi nzima iliyotumika Japani, na hiyo hujui ilitoka kwenye gari iliyotunzwa vipi. Kwa mtu wa Kampala hiyo ni shida ya siku chache, kwa mtu wa Moyo ni kukodi lori ya kubeba gari, ama kutuma pesa ya giaboksi kwa mtu ambaye hamuonani. Kwa hiyo kabla hujaamua nenda kwa fundi wako unayemwamini, muulize waziwazi, hii aina ya oto ushawahi kuishika? Akianza kuzungukazunguka, jibu umepata.

Milima nayo inataka maneno yake. Ukiwa mtu wa Kabale na Kisoro, ama wa Kapchorwa, ama unashuka ile barabara ya Fort Portal kwenda Bundibugyo, swali sio kupanda tu, swali kubwa ni kushuka. Mteremko mrefu ukikanyaga breki mfululizo zinapata moto na zikizidi moto zinaacha kushika. Manyuali unaweka gia ndogo, ya tatu ama ya pili, injini yenyewe inaizuia gari. Watu wanadhani oto haiwezi hivyo, inaweza, tatizo hawajafundishwa, wanashuka mlima mzima na D, ile ya kwenda mbele kawaida. Zile herufi na namba chini ya D ziko na kazi: kwenye oto ya zamani unabonyeza kile kitufe cha O/D kuzima gia ya juu, mteremko ukiwa mkali unashusha kwenye 2 ama L, na kwenye CVT nyingi za Toyota, zile oto mpya zisizo na gia za kupanda na kushuka, unatumia S ama B. Na usiweke N, yaani gia huru, wakati wa kushuka eti unabana mafuta, hapo injini haikusaidii chochote na mzigo wote unaachia breki peke yake. Nawaomba sana hili mlishike, sababu ni maisha ya watu waliokaa ndani ya gari.

Mafuta nisiongee sana. Zamani oto ya gia nne ilikunywa zaidi ya manyuali, hiyo ni kweli, lakini CVT inaweza kulingana na manyuali na hata kuishinda ukiendesha kwa utulivu. Mguu mzito unamaliza mafuta kwa zote.

Sasa kuna jambo la soko ambalo wengi hawalihesabu. Tangu sheria ya 2018 gari iliyofikisha miaka 15 tangu itengenezwe hairuhusiwi kuingizwa nchini, maana yake zinazoshuka Mombasa kuja kwenye bondi zetu ni mpya mpya kidogo kuliko zile za zamani, na wajapani katika miaka hiyo walishahamia kwenye CVT. Wish ya 2003 mpaka 2009 ya injini ya 1.8 ilikuja na oto ya gia nne, ngumu, mafundi wengi wanaijua. Iliyofuata ikawa CVT. Premio ni hivyo hivyo, ile ya umbo la 2007 kuja huku nyingi ni CVT, na Forester kuanzia ile ya mwisho wa 2012 oto yake ni CVT. Kwa hiyo mtu akikwambia "oto za Toyota hazifi" muulize oto ipi, sababu CVT ndani yake haina gia za kupanda na kushuka, iko na mkanda ama mnyororo wa chuma kati ya puli mbili, na hiyo haisamehe oili mbaya. Mimi CVT siikatai, ikitunzwa inaenda vizuri na ni laini mno barabarani, ila usiinunue ukidhani ni ile ile oto ya baba yako.

Ukitaka manyuali kwenye bondi utatafuta zaidi, sababu wajapani wenyewe wanaendesha oto. Angalia Fielder ya 1.5, Probox ya umbo la zamani, Vitz moja moja, Forester chache, na zile za kazi kama Hiace ya dizeli na Hilux. Jua pia siku ya kuuza tena, gari ndogo ya familia ikiwa oto inapata mteja haraka mjini.

Umeshachagua, sasa kupima. Kwa oto, waambie wauzaji mapema wasiiwashe kabla hujafika, ukifika gusa boneti, ikiwa ya moto jiulize kwa nini walikuwa wanaipasha. Iwashe ikiwa baridi, kanyaga breki, toa P ya kuegesha weka R ya kurudi nyuma, halafu weka D. Inatakiwa ishike ndani ya sekunde moja ama mbili bila kugonga, ukisikia kishindo ama ikikawia kama inafikiria, hiyo giaboksi inaumwa. Toka nayo barabarani, isipimwe ndani ya uwanja wa bondi peke yake, tafuta mlima. Ikipanda sikiliza injini, kama inalia juu lakini spidi haipandi, inateleza ndani. Kwa CVT fuatilia kutetemeka unapoondoka polepole na mlio wa kunung'unika unaokua na spidi. Ipandishe kilima kidogo kwa riivasi pia, kuna giaboksi nyingi mbele iko sawa, nyuma imechoka. Ukirudi, kama iko na kijiti cha kupimia oili ya giaboksi kwa gari nyingi kichomoe injini ikiwa inawaka na imepata moto: ikiwa nyekundu na haina harufu ni vizuri, ikiwa nyeusi na inanuka kuungua rudisha ufunguo. Taa za dashibodi zisikutoshe, nenda na fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Muuzaji akikataa hiyo, ondoka.

Manyuali kupima ni rahisi. Gari ikiwa imesimama mahali wazi, vuta hendibreki sawasawa, weka gia ya tatu, achia klachi polepole na mafuta kidogo. Ikizima, klachi inashika. Ikiendelea kuwaka wakati klachi umeachia yote, pleti imekwisha, toa hiyo gharama kwenye bei. Ukikanyaga klachi na mlio unaanza, shaka beringi ya klachi, ukiachia na mlio unakuja, shaka beringi za ndani ya giaboksi na hiyo ni kazi kubwa zaidi. Barabarani jaribu kushuka kutoka ya tatu kuja ya pili, ikikwaruza ujue imechoka, na gia ikichomoka yenyewe ukiachia mafuta usiinunue.

Mwendeshaji naye asisahauliwe. Kama gari itashikwa na wewe, mama watoto na kijana anayejifunza, oto inawapa wote amani, na mtu mwenye shida ya mguu wa kushoto oto ndo inamfungulia mlango. Ila kijana anayetafuta kazi ya udereva ajifunze manyuali kwanza hata kama nyumbani kuna oto. Mashirika yanayofanya kazi kwenye makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi, Rhino Camp na Imvepi mengi yanatumia Land Cruiser hadtopu za manyuali, taksi za Hiace nyingi ni manyuali, malori ndo kabisa, na anayejua oto peke yake hizo nafasi zinampita. Aliyejifunza manyuali anahamia oto kwa siku moja.

Ukishanunua oto, oili ibadilishwe na iwe ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari ama kwenye kijiti. Kuna oili za T-IV, kuna za WS, kuna za CVT peke yake, hazichanganywi, na gareji akikuletea dumu moja anayosema ni ya gari zote mkatalie. Usingoje iharibike, kwa vumbi na joto letu kila kilomita 40,000 hivi badilisha. Na ikikuzimikia njiani usikubali kuvutwa kwa kamba safari ndefu huku magurudumu yanayosukumwa na injini yanazunguka chini, pampu ya oili ya oto inazungushwa na injini, injini ikizima giaboksi inazunguka kavu. Ita lori la kuibeba juu, ama magurudumu hayo yainuliwe yasiguse barabara.