Tinkinswood: jinsi ya kutenganisha ya kale na ya 1914

Kaburi hili la Zama Mpya za Mawe liko karibu na kijiji cha St Nicholas, kusini mwa Wales, na lina umri wa miaka 6,000 hivi. Mwanaakiolojia John Ward alilichimba na kulikarabati mwaka 1914. Kwa hiyo kabla ya kuchora ramani yake, tenganisha kazi ya Ward na ya wajenzi wa kwanza.

Anzia mashariki, penye mlango. Kagua kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji. Ukikuta yamelazwa mshazari, safu moja kulia na inayofuata kushoto, kama miiba ya samaki, huo ni ukarabati. Ward alikusudia tofauti hiyo ionekane, na alifanya vyema sana. Nguzo ya matofali iliyomo chumbani nayo ni ya baadaye: inasaidia kubeba jiwe la paa, lenye tani 40 hivi. Kwenye mchoro, ipe rangi yake.

Tuta la kaburi lipime jua likiwa chini, vivuli vikionyesha kingo zake. Usikwangue ukoga, wala usichomoe jiwe lililolegea: ukuta huu unashikwa na uzito wake tu, na likitoka moja, ya juu hufuata.