Gari la kwanza: raha ya kuendesha, bima unayoimudu

Kazi yangu ni kuwakagulia watu magari hapa Dar es Salaam kabla hawajalipa. Wengi hunipigia simu wakiwa wameshalipenda gari, hata bei ya bima hawajauliza. Nakuomba uanze na bima.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya bima. Bima ndogo ya gari binafsi ni shilingi 100,000 kwa mwaka, bado VAT. Hiyo inamlipa uliyemgonga tu. Gari lako utalitengeneza mwenyewe. Bima kubwa inalipia na gari lako, na bei yake inafuata thamani ya gari, kwa kawaida asilimia 3.5. Gari la milioni 12 ni 420,000. La milioni 25 ni 875,000, na VAT juu yake, kila mwaka. Kwa dereva mpya nashauri bima kubwa bila kusita, na ndiyo maana gari lenyewe liwe la bei ndogo. Kabla ya kulipa uliza mambo mawili: ukipata ajali unachangia kiasi gani mfukoni, na kama mwenye leseni changa anachangia zaidi.

Hatua ya 2: Chagua gari jepesi. Raha haimo kwenye ukubwa wa injini. Suzuki Swift, au Mazda Demio ya kuanzia 2007 yenye injini ya lita 1.3, zinakata kona vizuri na stelingi inatii mara moja. Ukipata Swift ya gia za mkono, hiyo ndiyo chaguo langu. Toyota IST ya 2002 hadi 2007 imetulia zaidi, lakini vipuri vyake vimejaa Kariakoo na hakuna fundi asiyeijua. Honda Fit ya CVT (giaboksi otomatiki ya mkanda) ijaribu taratibu: ikitetemeka unapoondoka, achana nayo.

Hatua ya 3: Kagua injini ikiwa baridi. Nenda asubuhi, gusa boneti. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshaiwasha, kwa hiyo rudi siku nyingine. Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta utando mweupe kama maziwa, huenda maji yanaingia kwenye oili. Sasa zungusha ufunguo bila kuwasha injini na uangalie dashibodi. Taa ya injini na ya eabegi lazima ziwake, kisha ya eabegi izime yenyewe baada ya sekunde chache, na ya injini izime injini ikishawaka. Taa isiyowaka kabisa inanitia shaka kuliko inayowaka muda wote, maana huenda kuna mtu ameichomoa makusudi. Washa, mwambie mwenzako akanyage mafuta huku wewe uko nyuma: moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mwisho, kama gari ni otomatiki, weka D (mbele), halafu R (nyuma), mguu ukiwa kwenye breki. Gari likigonga kwa kishindo, giaboksi au maunti (raba zinazoshikilia injini) zimechoka.

Hatua ya 4: Karatasi. Linganisha namba ya chesi na kadi ya gari, angalia madeni ya faini na ya maegesho kwa namba ya gari, kisha hakiki stika ya bima kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya usimamizi wa bima. Kama kuna deni, muuzaji alilipe kwanza, ndipo mwende kubadili umiliki.