Kidude cha gesi kikilia usikizime

Jamani nyie mnaotembea na kile kidude cha kunusa gesi kwenye majiko ya mahoteli huku Nungwi na Paje, kikilia msiseme tu betri hiyo mkakizima, toka nacho nje, swichi ya taa usiiguse wala feni, huko kwenye upepo ndo usome kioo. Namba ikishuka mpaka sifuri basi ndani kweli mna gesi. Ikiganda au kikiandika hitilafu, hapo sensa (kile kijisehemu chake kinachonusa gesi) au betri ndo mbovu, usirudi nacho ndani.

Halafu gesi ya mtungi nzito kuliko hewa, inalala chini, mie nshamuona mtu anapima usawa wa kichwa (!), kishushe sakafuni. Na silikoni ya kupuliza, ile ya kopo ya kulainishia vyuma, usiiweke karibu nacho, inaua sensa nyengine kimyakimya.