Kiota cha Nyigu kwenye Nyumba Uliyoiacha Kisumu: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kukigusa

Nyumba iliyofungwa kule Riat au Mamboleo, au boma la Kakamega ambalo mwenyewe hufika Desemba tu, ina kila kitu ambacho nyigu hutafuta: upenu mkavu, kivuli, na ufagio usiopita. Habari humfikia mwenye nyumba akiwa London au Doha kwa picha ya WhatsApp yenye ukungu na maneno mawili: "Kuna nyuki." Anza na maneno hayo mawili. Mara nyingi si nyuki, na kama kweli ni nyuki, karibu kila hatua inayofuata hapa chini haifai.

Kabla ya kutuma pesa ya dawa, mwombe mtunza boma picha tatu za mchana, akiwa amesimama mita 5 au zaidi na kuvuta picha kwa simu, si kwa miguu: kiota chenyewe, mdudu mmoja akiwa ametulia, na mahali kilipo kwa upana ili uone mlango, ngazi na nyaya za stima. Aongeze video ya dakika moja jioni wadudu wakirudi. Hiyo video ndiyo yenye faida kuliko zote, kwa sababu inaonyesha wanaingilia wapi.

Nyigu wa kawaida wa upenuni ana kiuno kirefu chembamba, miguu inaning'inia akiruka, na kiota chake ni cha karatasi ya kijivu kilichoshikwa na kikonyo kimoja, vyumba vikiwa wazi na kutazama chini. Hakuna ganda la kukifunika. Unaweza kuwahesabu wadudu waliokaa juu yake, na idadi hiyo ndiyo itakayokuongoza baadaye. Nyigu wa udongo ni mwingine kabisa: anaishi peke yake, anajenga vibomba vya tope ukutani na kuvijaza buibui aliowapooza ili kinda wake wale. Halindi kiota na ni nadra amuume mtu. Ubaya wake ni kuziba vitundu: tundu la kufuli, bomba la tangi la maji yanayofurika, ncha wazi za mabomba ya geti. Kwa huyo unahitaji bisibisi tu na ndoo ya maji, basi. Tena mwambie mlinzi ajaribu kufuli zote wiki moja kabla hujapanda ndege.

Nyuki nao huingia na kutoka kwa wingi kupitia ufa mmoja wa dari au ukuta, na ukiweka sikio ukutani unasikia mvumo. Hapo usinunue dawa. Nyuki wa kwetu ni wakali wakivamiwa, humfukuza mtu mbali, na ukiwaua darini masega hubaki, asali inayeyuka na kuvuja kwenye dari, kisha siafu na panya wanakuja. Mtafute mfugaji wa nyuki mwenye mzinga mtupu na mavazi kamili. Wafugaji si wachache Magharibi mwa Kenya, na wengine watafurahia kundi la bure.

Wanaoishi ng'ambo huongeza tatizo moja bila kukusudia, nalo ni kutuma maelekezo ya huko waliko. Video nyingi za Ulaya na Marekani zinahusu nyigu wa manjano wanaojenga chini ya ardhi au ndani ya mpira mkubwa wa karatasi wenye mlango mmoja. Hao si wenyeji wa Magharibi mwa Kenya. Huko husemwa, "Ngoja baridi ije, kiota kitakufa chenyewe," na ni kweli, maana majira ya baridi huua kundi lote isipokuwa malkia wapya. Kisumu haina majira hayo, kwa hiyo usisubiri. Vilevile yale makopo yanayorusha dawa mita 5 au 6 hutayaona kwenye kila duka hapa, na usiyafungashe kwenye sanduku: dawa ya wadudu ya kopo la mgandamizo hairuhusiwi kwenye mizigo ya ndege. Kinyume chake nacho kipo. Aliyezoea kuchoma viota kijijini akihamia Ujerumani ajue kwamba sheria ya huko inakataza kuharibu kiota cha nyigu bila sababu ya msingi, na mavu wakubwa wana ulinzi wa ziada.

Sasa swali ambalo watu hulipita mbio: je, lazima kiondolewe? Nyigu hulisha makinda wake viwavi, wakiwemo wale wanaotoboa sukuma wiki na mahindi. Kiota kilicho juu ya mwarobaini mita 10 kutoka mlangoni, pasipo njia ya watoto, ni msaidizi wa shamba asiyelipwa. Maoni yetu ni kwamba kiondolewe kikiwa juu ya mlango, dirisha linalofunguliwa, choo cha nje, bomba la maji, sanduku la mita ya stima, au ndani ya ua wa kayaba unaokatwa kwa panga. Hapo penye ua ndipo watu wengi huumwa, kwa kuwa mkataji hakioni kiota mpaka panga limekigonga. Kwingine, weka alama na uache.

Ukishaamua kukiondoa, pima ukubwa. Kiota kisichozidi upana wa kiganja, chenye wadudu wasiofika 20, kilicho chini ya mita 3 na kinachoonekana chote, mtu makini anaweza kukishughulikia. Kikizidi hapo, au kikiwa ndani ya ukuta, darini, au karibu na waya wa stima, ita kampuni ya kuua wadudu yenye leseni ya Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Wadudu, PCPB, na uwaombe wakuonyeshe hiyo leseni. Kumbuka pia kwamba mlinzi ni mfanyakazi wako: akianguka kutoka kwenye ngazi uliyomwamuru apande, sheria ya fidia ya majeraha ya kazini ya 2007 inakuhusu hata ukiwa ng'ambo.

Muulize atakayefanya kazi hiyo, na kila anayelala bomani, swali moja la wazi: umewahi kuumwa na nyuki au nyigu ukavimba mwili mzima, ukatapika, ukazimia au ukakosa pumzi? Anayejibu ndiyo asikaribie, na siku hiyo aondoke kabisa. Swali hili lisiishie kwa watu wazima. Watoto waliokulia ng'ambo wanaokuja Krismasi huenda hawajawahi kuumwa. Mwenye mzio unaojulikana abebe sindano mbili za adrenalini za kujidunga, si moja, kwenye mkoba wa mkononi pamoja na barua ya daktari. Asiziache kwenye gari lililoegeshwa juani Kisumu, maana joto huiharibu dawa. Wala asizigandishe kwenye friji.

Siku moja kabla, piga simu kwenye kituo cha afya kilicho karibu, uulize kama wana adrenalini ya sindano na kama kuna mhudumu usiku. Zahanati nyingi za kijijini hufungwa jioni, na wewe umepanga kazi ya usiku. Jua barabara ya kufika hospitali kubwa: Jaramogi Oginga Odinga kwa wa Kisumu, hospitali ya rufaa ya kaunti kwa wa Kakamega na wa Nakuru. Weka gari tayari. Usitegemee bodaboda kwa mtu aliyeanza kuishiwa nguvu: mzio mkali hushusha shinikizo la damu ghafla, na kumkalisha wima katikati ya watu wawili kunaweza kummaliza njiani. Alazwe chali, miguu juu, isipokuwa kama hawezi kupumua akilala. Huyo akae huku akiegemea. Vidonge vya mzio kama setirizini hupunguza muwasho na uvimbe wa kawaida, lakini haviokoi mtu anayekosa hewa. Ni adrenalini inayookoa. Aliyeumwa mara nyingi, hata bila mzio, apelekwe hospitali akionekana mzima, kwa sababu sumu nyingi inaweza kuathiri figo saa kadhaa baadaye.

Vifaa havina gharama kubwa. Ovaroli nene au suruali mbili, gambuti, glavu za ngozi, kofia pana yenye wavu ulioingizwa ndani ya kola, na gundi ya utepe ya kuzungusha kwenye vifundo vya mikono na miguu. Nyigu, tofauti na nyuki, haachi mwiba mwilini, hivyo aliyeingia ndani ya shati atauma tena na tena. Utepe huo ni muhimu kuliko unene wa koti. Manukato yaachwe siku hiyo.

Kwa kiota kidogo kilicho wazi, maji ya sabuni yanatosha: vijiko viwili vya mezani vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa kila lita. Sabuni hufanya maji yapenye kwenye matundu ambayo mdudu hupumulia ubavuni. Maji matupu humwagika tu na kumkasirisha. Tumia pampu ya mgongoni ya shambani, ukijaza lita 5 tu ili isikuelemee, na ukaze nozeli mpaka itoe mkondo mmoja badala ya ukungu. Hakikisha haikuwahi kubeba dawa ya magugu, la sivyo utaunguza maua yote ya chini. Pima mkondo ukutani mchana: kama haufiki mita 3, nozeli ni mbovu au mpira wa pampu umekwisha. Ni afadhali ugundue hilo mchana.

Ukichagua dawa ya dukani, tafuta nambari ya usajili ya PCPB kwenye lebo. Makopo mengi ya nyumbani yana dawa za jamii ya pareto, ileile inayolimwa Molo na Kuresoi, au ndugu zake wa kiwandani. Humwangusha mdudu kwa sekunde, lakini kipimo kikiwa kidogo anaweza kuzinduka, ndiyo maana walioanguka hufagiwa na kutumbukizwa kwenye ndoo ya maji ya sabuni papo hapo. Dawa hizi ni sumu kali kwa samaki, kwa hiyo mwenye bwawa la sato karibu na nyumba atumie sabuni. Paka nao wafungiwe ndani, maana permetrini huwadhuru vibaya. Na kopo linalosukumwa na gesi halikai pamoja na sigara wala jiko la makaa.

Moto tuuweke kando kabisa. Kitambaa chenye mafuta ya taa kwenye ncha ya fito ndiyo njia ya mababu, nayo ilikuwa na maana kwenye mti wa peke yake. Chini ya mabati kuna mbao kavu, utando wa buibui na pengine dari ya ubao laini. Moto ukishika hapo, kuuzima kwa ndoo ni shida. Petroli ni mbaya zaidi, kwa kuwa mvuke wake hushika kabla hujajiandaa.

Saa ya kazi ni kati ya saa moja na nusu na saa tatu usiku, wote wakiwa wamerudi, au saa kumi na moja alfajiri. Nakuru, ambako usiku hushuka hadi nyuzi 10 hivi, alfajiri ni bora zaidi kwa kuwa baridi huwafanya wazito. Kisumu usiku ni wa joto, usitarajie nyigu aliyelala. Epuka siku za mvua za Machi hadi Mei: ngazi kwenye tope huteleza, na kuanguka huvunja watu kuliko nyigu wanavyowaumiza. Ukilazimika kupanda, kwa kila mita 4 za urefu sogeza mguu wa ngazi mita 1 kutoka ukutani, mtu mmoja aishike, na isiwe ya chuma karibu na waya. Kama unataka kufuatilia kwa simu, saa moja na nusu jioni ya Kisumu ni saa moja na nusu vilevile Doha. London ni saa kumi na nusu au saa kumi na moja na nusu, kutegemea majira.

Taa ya upenuni izimwe. Tochi ifunikwe karatasi laini nyekundu, rangi ambayo nyigu haioni vizuri, na iwekwe chini kando, isishikwe mkononi wala kufungwa kichwani, maana aliyeshtuka hufuata mwanga. Anayepuliza asimame upande, si chini ya kiota, upepo ukimtoka nyuma, mlango wa nyumba uliopangwa kukimbilia ukiwa umerudishwa bila kufungwa. Wengine wote wawe ndani. Mkondo ulenge kwanza wadudu waliokaa juu ya vyumba, sekunde 10 hadi 15 bila kukatiza, kisha aondoke. Asiangue kiota usiku huo.

Asubuhi, kama hakuna aliyesogea kwa nusu saa, kiangushwe kwa fito ndani ya mfuko na kuzikwa, mbali na kuku kama dawa ilitumika. Kikonyo kikwanguliwe na mahali paoshwe kwa sabuni. Nyigu wachache waliolala nje watazungukazunguka hapo siku mbili tatu. Hawana cha kulinda, waachwe. Nyufa chini ya ubao wa ukingo wa paa zizibwe kwa wavu mwembamba wa waya, ncha za mabomba ya geti zichomelewe. Kisha mtunza boma apite na ufagio mrefu kila Jumamosi ya pili na kukuletea picha ya pembe zote nne za nyumba. Kiota kinachoanza huwa na nyigu mmoja na vyumba vichache, na huyo ufagio unamtosha.