Jinsi ya kusoma birika la farasi la akina Bills

Katika miji mingi ya Victoria na New South Wales, Australia, utalikuta kando ya barabara: birika refu la zege la kunyweshea farasi, nyuma yake ukuta mfupi uliopinda juu. Mengine siku hizi yamepandwa maua. Ukitaka kuliandikia historia, fanya hivi.

1. Soma maandishi kabla ya kitu kingine. Kwa kawaida ni DONATED BY ANNIS & GEORGE BILLS AUSTRALIA, yaani zawadi ya Annis na George Bills. Herufi zikiwa zimefifia, usisugue. Niliwahi kushika brashi ya waya nikaondoa ukoga pamoja na ukingo wa herufi B. Hadi leo nikipita pale naangalia kando. Subiri giza liingie, ulaze tochi ubavuni kabisa mwa zege. Kivuli kitajaa ndani ya herufi na jina litasomeka.

2. Wajue wenye jina. George alizaliwa Brighton, Uingereza, mwaka 1859, akatajirika Australia kwa kutengeneza magodoro ya springi. Annis alifariki 1910, George 1927. Mali aliyoiacha ikawekwa amana ya kuwapunguzia wanyama mateso, jambo ambalo watu wa pwani wangeliita sadaka jaria. Humo yalitoka mabirika kama 500 nchini humo, na mengine kama 50 nje. Angalia tarehe hizo vizuri: mengi yalijengwa miaka ya 1930, wafadhili wote wawili wakiwa kaburini. Kwa hiyo usije ukaandika kwamba Bwana na Bibi Bills walikuja kulizindua. Nimeisoma hiyo zaidi ya mara moja.

3. Tafuta mwaka, maana maandishi hayautaji. Ingia Trove, hazina ya magazeti ya zamani ya Maktaba ya Taifa ya Australia, uandike jina la mji pamoja na Annis Bills. Ukiandika Bills peke yake utaletewa ankara na miswada ya bunge, maana kwa Kiingereza neno bills lina maana hizo. Kisha omba kumbukumbu za vikao vya halmashauri ya enzi hizo.

4. Pima, piga picha pande zote, na uiname utazame chini. Zege kuukuu juu ya kitako kipya cha saruji ni dalili kwamba birika limehamishwa. Rekodi mahali pote pawili.